Nani Alikwambia Uvue Viatu? Utafiti wa Madaktari wa Familia Umegeukia Wapi

Shangazi yangu ana kisukari, mwaka wa 12 sasa. Kila baada ya miezi miwili huamka saa kumi alfajiri, akapanda matatu ya kwanza kwenda hospitali, akaweka kitabu chake cha kliniki juu ya rundo la vitabu mezani, kisha akakaa kwenye benchi kungoja jina lake liitwe. Safari ya juzi, kabla ya kuitwa, alijiwa na daktari kijana aliyeshika ubao wa karatasi. Akamwamkia, akamweleza kwamba yuko masomoni, anasomea ubingwa wa tiba ya familia, na kwamba anafanya utafiti. Je, mama angekubali kumjibu maswali kwa dakika 20 hivi?

Shangazi alikubali. Lakini jioni alinipigia simu, roho haijatulia. "Wewe mwanangu uliyesoma, hebu nieleze. Daktari mzima, bado anasoma nini? Hiyo familia ni ya nani? Na mimi ndiyo nimeshakuwa panya wa kujaribiwa dawa?"

Maswali hayo nimeyasikia kwa wengi. Tangu Kenya itunge Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi mwaka 2023, na bima mpya ya afya ya serikali, SHA, ianze kazi Oktoba 2024, jina la "daktari wa familia" limekuwa likitajwa redioni na mikutanoni kana kwamba kila mtu analijua. Na kwa kuwa wanaosomea ubingwa huo wanazidi kuonekana kwenye zahanati na vituo vya afya wakiwa na madodoso mkononi, ni haki ya anayeulizwa kujua anaulizwa na nani, na kwa nini.

Nianze na familia. Daktari wa familia si daktari anayekodiwa na nyumba ya tajiri, ingawa wengi ndivyo wanavyodhani. Wala si daktari wa kawaida aliyepewa jina la kupendeza. Ni bingwa kama alivyo bingwa wa watoto au wa upasuaji. Amemaliza shahada ya kwanza ya udaktari, ambayo Kenya ni miaka 6, akafanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi, kisha akarudi chuoni kwa miaka 4 hivi kusomea shahada ya uzamili ya tiba.

Tofauti yake na mabingwa wengine ielewe kwa kukumbuka shule. Mwalimu wa hisabati anajua hisabati, na mwanafunzi akishindwa kugawanya, yeye ndiye wa kuendewa. Lakini kuna mwalimu wa darasa. Huyo ndiye anayejua kwamba Kiprono ameanguka hisabati, Kiingereza na sayansi kwa sababu moja tu: baba yake amefariki na sasa anauza maziwa kabla ya kuja shule. Bingwa wa moyo anaujua moyo. Daktari wa familia anamjua mwenye moyo, mkewe, jiko lake la kuni, umbali wa nyumba yake hadi barabarani, na dawa tano alizoandikiwa na madaktari watatu ambao hawajawahi kuonana.

Ubingwa huu si mgeni kwetu. Uganda walianza kuufundisha mwaka 1989, wakati huo ukiitwa tiba ya jamii. Kenya ulianza Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 2005, na baadaye vyuo vingine vikafuata. Dar es Salaam unafundishwa Chuo Kikuu cha Aga Khan. Afrika Kusini waliutambua rasmi kuwa ubingwa mwaka 2007. Hata hivyo mabingwa wenyewe ni wachache mno ukiwagawa kwa kaunti 47 za Kenya, na uchache huo una uzito katika hadithi ya utafiti wao, kama tutakavyoona.

Sasa utafiti. Kila anayesomea ubingwa huu lazima aandike tasnifu, yaani kitabu kinachoeleza swali alilouliza, namna alivyolitafutia jibu, na alichokipata. Bila tasnifu hakuna shahada. Afrika Kusini walikwenda mbele zaidi: walioanza mafunzo ya ubingwa kuanzia mwaka 2011 hawasajiliwi kuwa mabingwa wa fani yoyote mpaka wawe wamekamilisha utafiti.

Watu huuliza, na ni swali zuri: anayeponya watu vitabu vya nini? Jibu langu ni kwamba angalia kazi inayomngoja. Chini ya mpango wa sasa wa Kenya, zahanati na vituo vya afya vya eneo moja vinaunganishwa na hospitali moja na kuwa mtandao, pamoja na wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaozunguka nyumba kwa nyumba nchini kote. Daktari wa familia anatarajiwa kuwa kiongozi wa kitabibu wa mtandao kama huo. Ataletewa takwimu kila mwezi. Ataambiwa dawa za presha zimekwisha kwenye zahanati hii na zimejaa kule. Asiyejua kuuliza swali na kupima jibu lake ataongoza kwa kubahatisha, na watakaoumia ni akina shangazi.

Hofu ya panya nayo niijibu kikamilifu, maana ndiyo iliyomnyima usingizi. Neno utafiti limebeba vitu vingi tofauti, na wananchi huvisikia vyote kama kitu kimoja: sindano ya dawa isiyojulikana. Kwa kweli majaribio ya dawa mpya ni sehemu ndogo sana ya kazi za wanafunzi hawa. Majaribio yanadai fedha nyingi, bima ya washiriki, maabara na miaka ya kufuatilia, na mwanafunzi mwenye zamu za usiku na muda wa kuhesabika hana hata kimoja kati ya hivyo. Mara nyingi malipo ya uchapishaji wa madodoso na ya mtu wa takwimu yanatoka mfukoni mwake.

Wanachofanya zaidi ni kuuliza, kupima na kusoma mafaili. Aina iliyoenea kuliko zote ningeiita utafiti wa picha. Unasimama mahali pamoja, siku moja au mwezi mmoja, unapiga picha: kati ya wagonjwa wa kisukari waliopo, wangapi sukari yao imetulia? Picha inaonyesha kilichopo. Haielezi nini kilisababisha nini, kama vile picha ya arusi isivyoeleza wawili hao walivyokutana. Aina nyingine ni ya kufuatilia, ambayo ni kama albamu: watu wale wale, mwaka baada ya mwaka. Iko ya mazungumzo marefu, ambapo daktari anakaa na watu 15 au 20 na kuwasikiliza kwa saa nzima kila mmoja, akitafuta sababu ambazo dodoso lisingezifikia. Na iko ya ukaguzi wa huduma, nitakayoirudia, kwa sababu naiona kuwa ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Kwanza, kwa nini utafiti huu ufanyike kwenye vituo vya chini wakati hospitali kubwa zimejaa maprofesa?

Mwaka 1961 Mmarekani Kerr White na wenzake walichapisha hesabu fupi ambayo wanafunzi wa tiba ya familia wanaijua kama alfabeti. Walitumia takwimu za Marekani na Uingereza. Chukua watu wazima 1,000, walisema, uwatazame kwa mwezi mmoja. Watu 750 hivi watajisikia vibaya kwa namna fulani. Watu 250 wataenda kumwona daktari. Watu 9 watalazwa. Mmoja, mmoja tu, atafika hospitali ya chuo kikuu. Miaka 40 baadaye, mwaka 2001, hesabu hiyo ilirudiwa Marekani na picha ikabaki karibu ile ile: aliyefika hospitali ya chuo alikuwa chini ya mmoja katika 1,000.

Fikiria maana yake. Vitabu vya tiba vimeandikwa kwa sehemu kubwa kutokana na yule mmoja. Maumivu ya kichwa ya aliyefika hospitali ya rufaa, baada ya kuchujwa na madaktari watatu, si maumivu ya kichwa ya mama muuza mboga aliyekuja zahanati moja kwa moja kutoka sokoni. Uwezekano kwamba ni uvimbe kwenye ubongo haulingani hata kidogo. Ukichukua kanuni za huko juu na kuzishusha huku chini bila kuzipima, utapoteza fedha za watu kwa vipimo visivyohitajika, au utawatia hofu bure. Wale 749 waliojisikia vibaya lakini hawakufika kule ndio watu wa daktari wa familia, na kama yeye hatawatafiti, hakuna mwingine atakayewatafiti.

Pamoja na hayo, hadi leo tasnifu nyingi za fani hii zinatoka hospitali kubwa. Sababu ni za kibinadamu. Mwanafunzi yuko pale kila siku. Msimamizi wake yuko pale, na kwa kuwa mabingwa wa tiba ya familia ni wachache, msimamizi huyo mara nyingi ni bingwa wa magonjwa ya ndani au wa uzazi, na mwanafunzi huvutwa kuelekea maswali ya msimamizi. Zaidi ya yote, mafaili yako pale.

Suala la mafaili lina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Utafiti hufuata faili kama nzi afuatavyo kidonda. Kwa miaka mingi kliniki za virusi vya ukimwi Afrika Mashariki ndizo zilizokuwa na kumbukumbu nzuri kuliko zote: tarehe, uzito, dawa, matokeo ya maabara, vyote vimeandikwa. Kituo cha afya cha Mosoriot, kaunti ya Nandi, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001, wakati vituo vingi vya vijijini barani havikuwa na kompyuta hata ya kuandikia barua. Mwaka huo huo mpango wa Ampath ulianza Eldoret, ukiunganisha Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na vyuo vya Marekani katika vita dhidi ya ukimwi. Mwanafunzi mwenye miezi 10 ya kukusanya data akitafuta mada, anaona upande mmoja kabati la mafaili yaliyonyooka, upande wa pili vitabu vya kliniki vilivyoloana mvua ndani ya mikoba ya akina mama. Atakwenda wapi?

Ndiyo maana mada za ukimwi, kifua kikuu na uzazi zilitawala. Sasa upepo umegeuka. Kisukari na presha zimeshika nafasi kubwa, na nyuma yake zinakuja sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), saratani ya mlango wa kizazi, matunzo ya wagonjwa wasioweza kupona, na afya ya wazee. Wagonjwa wa ukimwi wenyewe wamechangia mabadiliko hayo: wamepata dawa, wameishi, wamezeeka, na leo mtu mmoja ana virusi, presha na magoti mabovu kwa pamoja. Bingwa wa kiungo kimoja hana swali la kumuuliza mtu kama huyo kwa ukamilifu wake. Daktari wa familia analo.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona zito kuliko hayo yote. Badiliko la mada ni jema. Badiliko la maana zaidi ni la anayeulizwa.

Kwa miaka mingi mtindo uliopendwa ulikuwa utafiti wa maarifa, mitazamo na matendo. Unachukua dodoso, unamwendea mgonjwa: Je, unajua dalili za kisukari? Je, unajua kwamba unapaswa kuchunguza miguu yako kila siku? Je, unafanya hivyo? Kisha unajumlisha, na unaandika kwamba asilimia kadhaa ya wagonjwa hawana maarifa ya kutosha, na unapendekeza wapewe elimu. Utafiti wa aina hii ni rahisi, ni nafuu, na kamati huupitisha bila matata. Mimi naona umepitiliza. Unaurudia mwaka hadi mwaka, kaunti hadi kaunti, na mapendekezo ni yale yale: elimu itolewe. Itolewe na nani, saa ngapi, kwenye foleni ya watu 80 na muuguzi mmoja? Na kimya kimya utafiti huo unaweka lawama mahali pamoja, kwa mgonjwa asiyejua, hata kama hakuna aliyewahi kumwambia.

Ndipo ninaporudi kwa shangazi. Yule daktari kijana hakumuuliza anajua nini kuhusu miguu yake. Alifungua kitabu chake cha kliniki, akapitia kurasa za mwaka mzima, kisha akamuuliza: "Mama, mara ya mwisho ni nani hapa alikwambia uvue viatu?"

Shangazi alifikiri. Alikumbuka kupimwa uzito, tena akiwa na viatu. Alikumbuka kutobolewa kidole, kupimwa presha, kupewa karatasi ya duka la dawa. Kuvua viatu hakukumbuka. Miaka 12.

Huo ndio ukaguzi wa huduma. Hauanzi na mgonjwa, unaanza na kipimo kilichokubalika: mgonjwa wa kisukari anatakiwa achunguzwe miguu angalau mara moja kwa mwaka. Baada ya hapo unahesabu. Kati ya wagonjwa wetu, wangapi walichunguzwa? Tuseme, kwa mfano tu, unakuta 10 kati ya 100. Unaita wenzako, mnaketi, mnatafuta sababu. Labda hakuna pazia. Labda hakuna benchi la chini la kukalia mama mwenye goti baya. Labda hakuna aliyepewa kazi hiyo, kila mmoja akidhani mwenzake anaifanya. Mnarekebisha. Baada ya miezi sita unahesabu tena. Ni kama mwenye duka anayelinganisha mali iliyopo rafuni na iliyoandikwa daftarini: halaumu mteja, anatafuta palipovuja.

Na uchunguzi wenyewe ni jambo dogo, linaloumiza moyo kwa udogo wake. Kuna kiuzi cha nailoni kilichobandikwa kwenye mpini, kigumu kiasi cha kupinda kinapokandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa anafumba macho. Daktari anakigusisha kwenye kidole gumba, kwenye nyayo mbele, mpaka kipinde, na mgonjwa anasema "ndiyo" akisikia. Asiposikia, basi mguu huo umepoteza ulinzi: jiwe likiingia kwenye kiatu asubuhi atatembea nalo hadi jioni, na kidonda kitajulikana kwa harufu. Miguu inakatwa kwa sababu ya kitu ambacho kingeonekana kwa dakika 3.

Kazi ya namna hii ina ukoo wake. Daktari Julian Tudor Hart alifanya kazi miaka mingi katika kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg, Wales. Aliwapima presha watu wazima wa kijiji chake, karibu wote, bila kungoja waugue na kuja. Aliwafuatilia kwa miaka, akihesabu si wagonjwa tu bali pia makosa na mapungufu ya kliniki yake. Mwaka 1971 aliandika kanuni iliyomfanya ajulikane duniani: kwamba huduma nzuri ya tiba huelekea kupungua mahali inapohitajika zaidi. Aliiandika akiwa daktari wa kijiji, na hakuiona kwenye maabara.

Sina maana kwamba mgonjwa asiulizwe chochote. Aulizwe, lakini aulizwe vizuri, na hapo kuna badiliko lingine linalonifurahisha kama mtu wa lugha. Madodoso mengi yalitungwa ng'ambo, yakatafsiriwa haraka haraka usiku wa kuamkia siku ya kazi. Niliwahi kuombwa kusaidia kwenye mojawapo, nikakaa pembeni kusikiliza. "Je, umewahi kuambiwa kwamba una shinikizo la juu la damu?" Mzee akajibu hapana. "Na hizi dawa ulizoshika ni za nini?" "Hizi? Za presha." Kwenye karatasi, mzee huyo tayari alikuwa ameshahesabiwa kuwa hana ugonjwa.

La sonona lilikuwa gumu zaidi. Kuna dodoso la maswali 9 linalotumika duniani kote, linaloulizia wiki 2 zilizopita, na swali lake la kwanza linahusu kupoteza mvuto wa mambo. Kwenye karatasi ile iliandikwa "kukosa hamu". Mama mmoja akajibu kwamba hamu anayo, jana tu alikula sahani mbili. Alikuwa amejibu kuhusu chakula. Baadaye, dodoso lilipowekwa kando, alisema tangu binti yake afariki hafui nguo zake mwenyewe mpaka jirani aje kumshika mkono, na usiku "mawazo yanamkimbiza". Ugonjwa ulikuwa mbele yetu wazi. Kilichokosekana ni neno. Sasa watafiti wengi zaidi wanachukua muda kutafsiri, kumpa mtu mwingine airudishe tafsiri kwenye lugha ya kwanza, kulinganisha, na kulijaribu dodoso kwa watu wachache kabla ya kazi kuanza. Ni kazi ya wiki kadhaa na haionekani kwenye jedwali lolote, lakini bila hiyo majedwali yote ni mchanga.

Kuna dhana nyingine ambayo hata wasomi wanayo: kwamba utafiti ukiwa na watu wengi ndio wa kuaminika. Fungua tasnifu za uzamili kwenye maktaba ya chuo hapa Kenya, za elimu, za biashara, za tiba, na mara kwa mara utakutana na namba moja: 384. Wengine huitaja kama namba takatifu. Asili yake ni hesabu ya kawaida. Ukiwa hujui kabisa ni watu wangapi wana jambo unalolitafuta, unakisia nusu. Ukitaka jibu lako lisipotoke kwa zaidi ya asilimia 5 juu au chini, na uwe na uhakika wa asilimia 95, hesabu inakupa watu 384.

Ichukulie kama kuonja mchuzi. Kijiko kimoja kinatosha kujua chumvi, iwe sufuria ni ya watu 6 au ni ya arusi. Cha lazima ni kukoroga kwanza. Ukichota juu kwenye mafuta tu, hata ukinywa bakuli zima utakosea. Ukiwahoji wagonjwa 384 waliokuja kliniki siku ya Jumanne, umechota juu. Waliokosa nauli hawapo. Waliokata tamaa wakahamia kwa mganga hawapo. Waliokufa hawapo. Utaandika kwamba wagonjwa wetu wanahudhuria vizuri, kwa sababu uliwauliza waliohudhuria. Na kama kliniki ina wagonjwa 200 tu wa kisukari, 384 utawatoa wapi? Kwa kliniki hiyo, hesabu ikirekebishwa, 132 hivi wanatosha. Naona faraja kwamba wanafunzi wanaowafuata wagonjwa hadi majumbani pamoja na wahamasishaji wa afya wanaongezeka. Huko ndiko kukoroga kwenyewe.

Na kitabu kikiisha kuandikwa kinakwenda wapi? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa rafuni: jalada gumu, maandishi ya dhahabu mgongoni, vumbi. Hilo nalo linabadilika. Vyuo kadhaa vinataka mwanafunzi aandike makala fupi inayoweza kuchapishwa, badala ya kitabu kinene peke yake au pamoja nacho. Tangu mwaka 2009 kuna jarida la Afrika la huduma za afya ya msingi na tiba ya familia, linalosomwa bure mtandaoni, na mwanafunzi wa Eldoret anaweza kusomwa na mwenzake wa Cape Town au Kampala. Ni hatua. Lakini muuguzi wa zahanati ambako data ilikusanywa hana nafasi ya kusoma jarida, na shangazi hasomi Kiingereza cha takwimu. Deni kwao linalipwa kwa kurudi pale pale, kusimama mbele ya benchi, na kusema tulichokipata ni hiki.

Kwa hiyo nilimjibu shangazi hivi. Hukujaribiwa dawa. Kabla yule kijana hajakusogelea, andiko lake lilipitiwa na kamati ya maadili ya utafiti, na alitakiwa kuwa na kibali cha Nacosti, tume ya taifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti. Angekuwa Tanzania, angepitia Nimri, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Ile karatasi uliyotia sahihi inaitwa fomu ya ridhaa, na nakala ni haki yako. Ina namba ya simu ya kamati, unaweza kupiga ukiona umekosewa. Ungeweza kukataa na dawa zako ungepewa vilevile. Hata leo unaweza kusema umebadili nia. Jina lako halitakiwi kuonekana popote, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakulinda. Akija mtu asiye na fomu, asiyetaka kutaja chuo chake, au anayekuambia utanyimwa huduma usipojibu, huyo usimjibu, mwite muuguzi mkuu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba hayo mengine kumbe alikuwa ameshayauliza mwenyewe pale pale. Alimuuliza yule kijana, "Na majibu mtatuletea lini?" Kijana akasita kidogo, akatazama karatasi zake, akasema akimaliza kuhesabu atakuja kuwaeleza hapo hapo kwenye benchi, Oktoba, siku ya kliniki. Shangazi akamwomba kalamu, akaiandika Oktoba kwenye jalada la nyuma la kitabu chake, akapiga mstari chini yake mara mbili.